Punda Wako Amekonda, Amenenepa au Yuko Sawa? Mwongozo kwa Wafugaji wa Ugalla na Mpanda

Maandishi mengi ya kupima unene na wembamba wa mnyama wa kazi yaliandikwa kwa ajili ya farasi. Kipimo kinachojulikana kuliko vyote, chenye madaraja 1 hadi 9, kilitungwa Texas na Don Henneke na wenzake mwaka 1983. Huku kwetu farasi hayupo, na sababu yake kila mfugaji wa Ugalla anaijua: ndorobo, nzi yule ambaye vitabu humwita mbung'o. Pori la miombo linaloanzia kandokando ya Mto Ugalla hadi Katavi ni makao yake ya siku zote, na farasi akiambukizwa nagana, ugonjwa anaoueneza nzi huyo, huwa hana siku nyingi.

Mnyama wa kubeba mizigo aliyeweza kuishi huku na binadamu ni punda. Mpelelezi Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, Tabora ikiwa bado mbali. Baadhi ya punda waliendelea. Alipoikwepa vita ya mtemi Mirambo kwa kuzunguka kusini kupitia Ukonongo hadi Mpokwa, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi, mizigo yake mingine ilikuwa mgongoni mwa punda. Mmoja wao, punda wa Kinyamwezi aliyeitwa Simba, aliishia kwenye meno ya mamba wakati wa kuvuka Malagarasi. Leo punda yuko Nsimbo, yuko Katumba, yuko Mishamo na vijiji vyote walikohamia wafugaji kutoka Usukumani: anachota maji, anabeba kuni, anatoa mahindi na tumbaku shambani. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa punda, na umeandikwa kwa ajili yako wewe unayemtegemea.

Neno langu kubwa ni hili: usimpime punda kwa macho, mpime kwa mkono, na umpime kila mwezi. Macho yana sababu tatu za kukosea. Ya kwanza ni tumbo. Wengi wetu tukitaka kujua kama mnyama ameshiba au amekonda tunaangalia tumbo, na tumbo la punda halisemi ukweli. Nyasi kavu za mwezi wa tisa, ngumu na zenye nyuzi nyingi, hukaa tumboni muda mrefu na kulijaza hata kama hazimpi chochote cha maana. Minyoo nayo hulitanua tumbo la mnyama aliyebaki mifupa. Jike mwenye mimba ana tumbo kubwa hata akiwa amekonda vibaya. Sababu ya pili ni manyoya: katika usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba manyoya huwa mazito na kuzificha mbavu. Ya tatu ni mazoea. Mnyama unayemwona kila asubuhi hukonda mbele yako usijue, mpaka mgeni akuulize punda huyu ana nini.

Mpime asubuhi, kabla hajanywa maji na kabla hajafungwa kazini. Mvue matandiko yote. Msimamishe mahali tambarare, mtu anayemfahamu amshike kamba, nawe usimame upande wake wa kushoto karibu na bega. Zungumza naye, anza kumgusa shingoni, kisha urudi nyuma polepole bila kuinua mkono ghafla. Punda aliyezoea fimbo atakaza misuli ukimshtukiza, na misuli iliyokazwa itakudanganya kama tumbo linavyodanganya. Usisimame nyuma yake.

Kabla ya kumgusa yeye, jiguse mwenyewe. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto, upitishe vidole vya mkono wa kulia juu ya vifundo vyake. Unasikia mfupa mtupu, kisha bonde, kisha mfupa. Mbavu za punda zikiwa hivyo, amekonda. Sasa kunjua ngumi, nyoosha vidole, upitishe mkono juu ya mgongo wa kiganja. Mifupa ipo, ila imefunikwa kidogo. Mbavu zikiwa hivyo, yuko sawa. Geuza kiganja, bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mbavu zikiwa zimefichika namna hiyo, amenenepa kupita kiasi. Kipimo hiki hakina gharama, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa akakijua siku hiyohiyo. Mfundishe, kwa sababu mara nyingi ndiye anayekwenda na punda kisimani.

Sasa pitisha mkono sehemu tano za mwili. Anza na shingo na bega, utazame kama shingo imeungana na bega kwa misuli au kuna shimo katikati. Nenda juu ya mabega, pale msalaba mweusi wa punda unapokatiza mgongo. Hapo pana mifupa mirefu ya uti inayoelekea juu, na unataka kujua kama imefunikwa na nyama au imechongoka. Shuka mbavuni, upapase kutoka kwenye bega hadi ubavu wa mwisho. Panda mgongoni na kiunoni, ubonyeze pande zote mbili za uti. Malizia kwenye nyonga na mapaja, na chini ya mkia.

Kipimo cha farasi chenye madaraja tisa ni kirefu mno kwa mnyama huyu. Wataalamu wa punda hutumia madaraja 1 hadi 5, nayo yanatosha.

Punda wa daraja la 1 humkosi. Mbavu unazihesabu ukiwa mbali, uti wa mgongo umechongoka, mfupa wa bega unaonekana wote, nyonga zimetokeza na chini ya mkia kuna shimo. Huyu ni mgonjwa au ana njaa, au yote mawili. Daraja la 2 ndilo linalotupita wengi, kwa sababu kwa mbali anaonekana punda wa kawaida. Mbavu hazionekani sana, lakini ukiweka mkono unazipata zote bila kubonyeza. Mgongoni, ncha za uti unazigusa moja baada ya nyingine, na misuli ya pembeni imeshuka. Mapaja ni membamba. Huyu bado anafanya kazi, bado anakula, na mwenye punda haoni tatizo. Naomba umtazame huyu kuliko wengine wote, kwa maana punda wa daraja la 2 mwezi wa nane ndiye punda wa daraja la 1 mwezi wa kumi.

Daraja la 3 ndilo tunalolitaka. Shingo imeungana vizuri na bega, mbavu zinapatikana kwa kubonyeza kidogo tu, uti unaguswa lakini una misuli kila upande, nyonga zimeviringika. Daraja la 4, shingo imeanza kuwa nene kwa juu, mbavu unazitafuta kwa kubonyeza kwa nguvu, na katikati ya mgongo kumeanza kuwa na mfereji. La 5, mafuta ya shingo yamekuwa mengi hata yanalalia upande, mbavu hazipatikani, mfereji wa mgongoni umezama na mafuta yamekaa kwa mafungu mbavuni na matakoni. Ukishindwa kuamua kati ya madaraja mawili, andika nusu: 2.5 ni jibu halali.

Kuna jambo moja la kumtofautisha punda na farasi na ng'ombe ambalo lazima ulikumbuke. Mafuta yake yakishakaa mahali kwa miaka, hasa juu ya shingo, huwa magumu na hayaondoki kirahisi hata akikonda. Utakuta mnyama mwenye shingo nene ya mafuta na mgongo wa njaa. Ndiyo maana nasema pitia sehemu zote tano, na zikipingana, amini mgongo na mbavu kuliko shingo. Kwa jike mwenye mimba, usihangaike na tumbo hata kidogo. Soma mgongo na mapaja.

Kwa maoni yangu, punda wa Ugalla aingie kiangazi mwezi wa tano akiwa daraja la 3, na asishuke chini ya 2.5 mvua zinapoanza mwezi wa kumi na moja. Kushuka kidogo katikati ya kiangazi hakuna mfugaji anayeweza kukuzuia kabisa. Kushuka daraja zima ni dalili kwamba kuna kitu, na kitu hicho kitafutwe.

Pamoja na mkono, tumia utepe wa fundi cherehani. Una sentimita 150, unatosha kumzunguka punda wa kwetu. Uzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, karibu na viwiko, upite juu nyuma kidogo ya mabega. Ukaze hadi uguse ngozi bila kuzama, na usome anapotoa pumzi. Katika miaka ya 1990 watafiti Pearson na Ouassat waliwapima punda wa kazi wa Moroko kwa njia hii na kutoa hesabu ya kukisia uzito kutokana na mzunguko wa kifua. Kwa hesabu hiyo, punda mzima mwenye mzunguko wa sentimita 100 ana takriban kilo 91. Wa sentimita 105 ana kilo 104. Wa 110, kilo 117. Wa 115, kilo 132. Na wa 120, kilo 148. Usizichukue kama namba za mizani. Usizitumie kwa mwana punda, wala kwa jike aliye karibu kuzaa.

Faida kubwa ya utepe ni kukuonyesha mabadiliko. Punda aliyekuwa na sentimita 115 mwezi wa tano, na mwezi wa nane ana 110, amepoteza kama kilo 15, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na huenda macho yako hayajaona kitu. Andika kwenye daftari: tarehe, sentimita, daraja. Kama hakuna utepe, tumia kamba isiyovutika na uifunge fundo kila mwezi, kamba moja kwa punda mmoja. Apime mtu yuleyule, saa zilezile, maana mikono miwili tofauti hukaza kwa nguvu tofauti.

Ukigundua kwamba punda ameshuka, usikimbilie kumwongezea pumba. Kwanza tafuta sababu, na mahali pa kuanzia ni mdomoni. Mtazame akila. Kama anadondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, au kama kwenye mavi yake unakuta vipande virefu vya nyasi na punje nzima za mahindi, meno yana tatizo. Meno ya punda huota na kulika maisha yake yote, na yasipolika sawasawa hubaki ncha kali zinazokata ulimi na mashavu. Mtaalamu wa mifugo anaweza kuzikwangua. Punda mzee asiye na magego mazuri hatapona kwa kulishwa mabua hata ungemjazia zizi.

Minyoo inafuata. Badala ya kununua dawa kila unapopita dukani, peleka mavi mabichi kwa bwana mifugo yapimwe kwa hadubini, mahali huduma hiyo ilipo. Dawa inayotolewa bila sababu, mwaka baada ya mwaka, inawazoesha minyoo, na siku utakayoihitaji haitafanya kazi.

Kisha ndorobo, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo letu. Punda huvumilia nagana kuliko farasi. Uvumilivu huo unamponza. Farasi angeanguka mapema na mwenyewe angeshtuka, lakini punda huendelea kula na kuvuta huku akikonda wiki baada ya wiki. Tazama fizi na ndani ya kope: zikipauka kuwa nyeupe, damu imepungua. Tazama homa inayokuja na kuondoka, uvimbe chini ya tumbo, miguuni au sehemu za siri, na kuyumba kwa miguu ya nyuma. Punda anayekula vizuri na bado anakonda, katika kijiji kinachopakana na pori, achukuliwe kuwa na nagana mpaka damu yake ipimwe na kuonyesha vingine.

Dawa za nagana zinazojulikana vijijini, Berenil na Samorin, wafugaji wengi wamezizoea kwa ng'ombe na wanajua kuchoma sindano wenyewe. Usifanye hivyo kwa punda. Jamii ya farasi na punda haihimili dawa hizi kama ng'ombe, na kipimo cha ng'ombe kinaweza kumdhuru vibaya. Bwana mifugo apange kipimo kwa uzito wa punda, na hapo ndipo zile sentimita ulizoandika kwenye daftari zitakuwa na thamani: atajua anatibu mnyama wa kilo 105 au 140.

Onyo jingine la namna hiyo ni josho. Punda akitembea na ng'ombe, kishawishi cha kumwogesha nao ni kikubwa. Uliza kwanza ndani ya josho kuna dawa gani. Amitrazi, ambayo haina shida kwa ng'ombe, kwa punda husimamisha utumbo. Chakula hukwama, anapata maumivu makali ya tumbo na anaweza kufa. Kwa punda huchaguliwa dawa za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini, nazo zina faida ya pili ya kuwaangamiza ndorobo wanaotua mwilini. Na chakula cha kuku cha dukani, hata kama kimebaki bure, usimpe. Baadhi yake kina dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu wa kuku ambazo ni sumu kwa moyo wa punda.

Kama meno, minyoo na damu viko sawa, sababu inabaki kuwa njaa, kiu au kazi. Mara nyingi ni zote tatu, na zote ziko mikononi mwako.

Kiu huanza kabla ya njaa. Punda ana sifa ya kuvumilia ukame na ni kweli anavumilia, lakini akikosa maji hupunguza kula, kimyakimya. Anahitaji kama lita 10 hadi 20 kwa siku, na zaidi kukiwa na jua kali na kazi. Inaniuma kuona mnyama aliyebeba maji ya nyumba nzima akirudishwa kwenye kigingi bila kupewa hata ndoo moja. Mpe anywe kisimani kabla ya kumpakia, na apate tena jioni. Maji yawe safi. Punda ni mchaguzi, na maji yenye harufu atayaacha hata akiwa na kiu.

Chakula chake cha msingi ni nyasi na majani makavu, si nafaka. Punda wa kazi anahitaji kila siku chakula kikavu cha kilo 2 hadi 2.5 kwa kila kilo 100 za mwili wake, na anahitaji muda mrefu wa kutafuna. Hapa ndipo mpango wa kazi unapomkondesha: anafanya kazi asubuhi, anafungwa kwenye mti mchana, anafanya kazi jioni, usiku yuko zizini bila kitu. Saa za kula hazipo. Mwekee mabua usiku. Baada ya mavuno hifadhi mabua ya mahindi chini ya paa badala ya kuyachoma, na zaidi sana hifadhi majani ya karanga. Karanga tunalima kwa wingi, na majani yake yaliyovunwa yakiwa bado na ukijani na kukaushwa vizuri yana lishe kuliko mabua kwa mbali. Majani ya viazi vitamu nayo ni mazuri. Pumba za mahindi ziwe nyongeza, kopo moja au mawili kwa siku, zikichanganywa na majani. Usisahau chumvi kidogo. Tuko jirani na Uvinza, chumvi haijawahi kuwa tatizo kwetu.

Mahindi, pumba au majani yenye ukungu, yatupe. Kuna ukungu wa mahindi unaoharibu ubongo wa punda na farasi: mnyama huanza kuzunguka, kugonga kichwa ukutani, kupofuka, na hufa ndani ya siku chache. Haina dawa. Mahindi ambayo mama amekataa kuyasaga kwa ajili ya watoto yasipelekwe kwa punda.

Mabadiliko ya chakula yaende polepole, kwa wiki moja au mbili, na usitegemee muujiza. Kupanda nusu daraja huchukua wiki nyingi. Punda aliyefika daraja la 1 akijazwa pumba ghafla anaweza kufa kwa kulishwa. Huyo aanze na majani, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Kuhusu kazi, hesabu ni rahisi na wengi wetu hatuifanyi. Mgongoni, punda abebe si zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 120 anabeba kilo 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Madumu manne ni kilo 80, theluthi mbili za mwili wake, na hata hivyo ndiyo tunayoyaona barabarani. Gunia la mahindi la kilo 100 si mzigo wa punda mmoja kabisa. Akiwa daraja la 2 punguza mzigo kwa nusu, na umpumzishe siku moja katikati ya wiki zaidi ya ile aliyozoea. Kwa mkokoteni anaweza kuvuta zaidi kuliko kubeba, mradi magurudumu yanazunguka vizuri na mzigo umepangwa usielemee mbele. Nira ya ng'ombe usimvike. Ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, anasukuma kwa kifua, na anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani uliolainishwa kwa nguo.

Uzito na vidonda ni ndugu. Punda akikonda, nyama iliyokuwa inafunika mifupa ya mgongoni huondoka, na matandiko yaleyale yaliyomkaa vizuri mwezi wa tano yanaanza kusugua mfupa mwezi wa tisa. Ukiona kidonda kipya pale kwenye msalaba, usitafute dawa ya kidonda peke yake. Pima daraja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtwisha mnyama mzigo unaomzidi na kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa kazi, kwa hiyo jambo hili lina upande wa sheria pia.

Jike atazamwe zaidi. Mimba yake huchukua miezi kama kumi na miwili, na huzaa mtoto mmoja. Miezi mitatu ya mwisho asibebe, na miezi mitatu ya kwanza ya kunyonyesha apewe chakula cha ziada, maana maziwa yanatoka mwilini mwake mwenyewe. Ndiyo sababu pia ukipoteza punda leo huwezi kumrudisha haraka. Biashara ya ngozi za punda kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao ilimaliza punda wengi katika Afrika hadi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Februari 2024, wakakubaliana kuipiga marufuku. Mnyama uliye naye ni mali adimu kuliko ilivyokuwa kwa baba zetu.

Punda mnene ni nadra vijijini, lakini Mpanda mjini yupo: wa dukani, anayekaa bila kazi na kulishwa pumba na ugali uliobaki. Hatari yake si ndogo. Punda mnene akiacha kula ghafla, kwa ugonjwa, safari au kutenganishwa na mwenzake, mwili huyeyusha mafuta mengi kwa mara moja, yanajaa kwenye damu na kuharibu ini, na wengi hufa. Kwa hiyo usimfungie njaa ili apungue. Ondoa pumba na ugali, mpe mabua badala ya majani mabichi, mwongezee mwendo, na mpe miezi. Punda mnene aliyeacha kula leo ni mgonjwa wa leo, asingojwe mpaka kesho.

Ukienda mnadani kununua, hutakuwa na muda wa sehemu tano. Fanya tatu: mbavu, mgongo, fizi. Mnyama aliyenyweshwa maji mengi asubuhi ataonekana ameshiba, ila maji hayafuniki uti wa mgongo. Mtazame akitembea, na uinue matandiko hata kama muuzaji anasema hayana haja ya kuvuliwa.

Mwite bwana mifugo pale daraja linaposhuka kwa nusu katika mwezi mmoja, kifua kinapopungua sentimita 5, fizi zinapopauka, au punda anapoacha kula kwa siku nzima. Mwambie daftari linasema nini. Na wakati unamsubiri, punda wa daraja la 1 hafungwi mkokoteni hata kama tumbaku iko barazani na soko ni kesho. Azima wa jirani au lipia guta.